Sinthesaiza za Analogi na Vitabu Vyake: Nani Alieleza Vizuri?



Wiki hii naweka programu kando kidogo, ingawa mtaona hatuendi mbali. Nataka tuzungumze kuhusu sinthesaiza za analogi, vile vinanda vya umeme vya miaka ya 1960 hadi 1980 vilivyojaa nobu na waya, na hasa kuhusu kitu ambacho watu wengi hukitupa pamoja na kartoni: kitabu cha maelekezo.

Kwa nini kitabu? Mashine zenyewe zimeshaandikwa mpaka basi. Mtandaoni kuna mabishano yasiyokwisha kuhusu ipi ina besi nzito na ipi ina filta tamu. Mimi sina hata moja kati ya nitakazozitaja, na kwa bei za wakusanyaji wa leo sioni nikiwa nayo karibuni. Nilicho nacho ni nakala za vitabu vyake zilizopigwa skana, programu zinazoziiga mashine hizo kwenye tarakilishi, na mazoea ya kusoma usiku wakati wengine wanatazama mpira. Katika kusoma huko nimeona kwamba ukiifuata historia hii kupitia vitabu badala ya sauti, inageuka kuwa historia ya swali moja: mtu akiwa peke yake na mashine, bila mwalimu na bila fundi wa kumpigia simu, nani atamshika mkono?

Huku kwetu swali hilo si la kubuni. Vifaa vingi vya muziki hutufikia vikiwa mtumba, na mtumba hauji na kitabu.

Umeme unaoongoza umeme

Kwa wale ambao hawajawahi kukutana na mashine hizi, maelezo mafupi. Sinthesaiza ya analogi haina sauti zilizorekodiwa ndani yake. Ina umeme tu. Sehemu ya kwanza, osileta, hutoa volteji inayopanda na kushuka kwa kasi. Ikifanya hivyo mara 440 kwa sekunde, unasikia ile noti ya A ambayo wanamuziki huitumia kulinganisha ala zao. Sehemu ya pili, filta, hupunguza baadhi ya masafa yaliyomo ndani ya sauti hiyo. Sehemu ya tatu, amplifaya, huamua sauti itoke kwa nguvu gani na ififie vipi. Ni kazi ya mchongaji wa Wamunyu: unaanza na gogo kubwa, unatoa usichokitaka, kinachobaki ndicho kinyago.

Ujanja uliobadilisha mambo ulifikiwa na watu wawili, kila mmoja kwake, mnamo 1963 na 1964: Robert Moog kule jimbo la New York na Don Buchla kule California. Wote wawili waliziacha sehemu hizo ziongozwe na volteji badala ya mkono peke yake. Katika mfumo wa Moog, ukiongeza volti 1 noti inapanda oktava 1. Kwa hiyo umeme unaotoka sehemu moja unaweza kuiamrisha sehemu nyingine, na hiyo nayo ikaamrisha ya tatu. Sisi watunzi wa programu tunalijua jambo hili vizuri: tokeo la fanksheni moja ni ingizo la nyingine, na ukishaweza kufanya hivyo hakuna mwisho.

Lakini palikuwa na tatizo. Mashine hizi hazikuwa na kumbukumbu. Ukipata sauti tamu Jumatatu usiku, mdogo wako akija Jumanne akazungusha nobu mbili, sauti hiyo imekwenda na maji. Kitu pekee kilichoweza kuhifadhi kazi yako ni karatasi na kalamu. Ndiyo maana katika zama hizo kitabu kilikuwa kipande cha mashine, sawa na waya na spika.

Basi nimevipima vitabu hivyo kwa maswali matatu. Je, kinaeleza kwa nini, au kinasema tu bonyeza hapa? Je, asiyejua kitu anaweza kuanza peke yake? Na je, ukipotea, kinakurudisha njiani? Kwa neno kitabu nahesabu pia maandishi yaliyochapishwa juu ya mashine yenyewe, maana hayo nayo ni maelekezo. Alama nitatoa kwa mtindo wa KCSE, A mpaka E, ili tusikosane.

EMS VCS3 (London, 1969): B

Peter Zinovieff, David Cockerell na Tristram Cary walitaka kutengeneza sinthesaiza ambayo mtunzi wa kawaida angeweza kuinunua. VCS3 iliuzwa kwa pauni 330, bei ndogo mno ukilinganisha na mitambo ya Moog iliyojaza ukuta. Ili kuepuka msitu wa waya waliweka ubao wenye mashimo, safu 16 kwa 16. Mfikirie mchezaji wa bao aliyezoea mashimo 32, kisha umwekee 256. Kila safu ya kulala ni sehemu inayotoa umeme, kila safu ya kusimama ni sehemu inayopokea. Ukichomeka pini ndogo mahali zinapokatana, umeziunganisha.

Faida yake kwa maelekezo ni kubwa. Muunganisho wowote unaweza kutajwa kwa herufi na namba, kama mraba wa drafti. Watumiaji waliweka kumbukumbu zao kwenye karatasi zenye picha ya ubao huo, wakatia alama mahali pini zilipo na nobu zilipoelekea, na mtu wa mji mwingine angeweza kuirudia kazi ile ile. Ndugu yake mdogo wa mkobani, Synthi AKS, mwenye ubao wa namna hiyo hiyo, ndiye aliyetoa ile sauti inayokimbia kwenye wimbo On the Run wa Pink Floyd mwaka 1973.

Nimempa B kwa sababu ramani ya aina hii inakuambia nini kimeungana na nini, lakini haikuambii kwa nini. Ni kama kupewa kodi ya programu isiyo na hata mstari mmoja wa maoni. Inafanya kazi, ila mwanafunzi anabaki kunakili tu.

Minimoog (Trumansburg, 1970): A-

Mwaka 1970 Bill Hemsath, mhandisi katika kampuni ya Moog, aliokota vipande vilivyokuwa vimelala karakana akatengeneza sinthesaiza ndogo ya kubebeka. Kutoka hapo ikaja Minimoog Model D, iliyotengenezwa hadi 1981, zaidi ya mashine 12,000. Kraftwerk waliitumia kwenye Autobahn mwaka 1974.

Uamuzi mkubwa wa Minimoog ni kuondoa waya kabisa. Paneli yake inasomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama sentensi: viongozi, osileta tatu, miksa, filta na vifififishaji vyake, mwisho mlango wa kutokea. Ukiielewa sentensi hiyo umeielewa mashine. Kuna hata swichi inayotoa noti ya A ya 440 ili ulinganishe ala yako bila kumsumbua mtu wa piano.

Kitabu chake kiliandikwa na Tom Rhea, msomi ambaye tasnifu yake ya mwaka 1972 ilihusu historia ya ala za kielektroniki za Marekani. Alama za mwalimu zinaonekana. Rhea anajua msomaji wake ni mpiga kinanda aliyeona swichi nyingi akaogopa. Pamoja na kitabu palikuwa na kurasa za vielelezo vya sauti: mchoro wa paneli nzima ukionyesha kila nobu ielekee wapi upate sauti fulani. Unaweka nobu kama ilivyochorwa, unasikia, halafu unaanza kuharibu kwa makusudi kidogo kidogo ili uone kila nobu inafanya nini. Kwa lugha yetu, hizo ni sampuli za kodi zinazofanya kazi tangu mara ya kwanza. Kila aliyewahi kujifunza lugha mpya ya programu anajua thamani ya sampuli kama hizo.

Kwa nini si A kamili? Kwa sababu njia ni moja. Minimoog imeshakuamulia mpangilio, kwa hiyo kitabu hakina haja ya kukufundisha kupanga mwenyewe.

ARP 2600 (Massachusetts, 1971): A

Sasa tumefika kwa mfalme. Alan R. Pearlman alikuwa mhandisi kabla ya kuanzisha ARP, na 2600 ilitengenezwa ikiwa na jicho moja kwenye shule na vyuo. Angalia ilivyopangwa. Sehemu zote zimeshaunganishwa ndani tangu kiwandani, kwa hiyo ukiiwasha inalia bila waya hata mmoja. Lakini karibu kila muunganisho una tundu lake kwenye paneli, na kando ya tundu pameandikwa ni ishara gani inayoingia hapo ukiliacha wazi. Ukichomeka waya wako, muunganisho wa kiwandani unakatika na wako unachukua nafasi. Ukiuchomoa, ule wa kiwandani unarudi. Hiyo ndiyo maana ya chaguo la awali lililofikiriwa vizuri: anayeanza hakwami, na anayejua hafungwi.

Kitabu chake cha 1971 kiliandikwa na Jim Michmerhuizen. Hakianzi na swichi. Kinaanza na sauti yenyewe: ni nini kinachotembea hewani, umeme unaiwakilishaje, tofauti gani iko kati ya ishara unayoisikia na ishara inayoongoza nyingine. Baada ya hapo ndipo kinachukua sehemu moja moja, kinakupa jambo la kujaribu, kinakuambia usikilize nini. Lugha yake ni ya mtu anayezungumza nawe mezani, si ya mwanasheria wa kampuni. Ukifika mwisho hujui tu 2600 bali unajua sinthesaiza kwa jumla, na ukikutana na mashine ya kampuni nyingine unaisoma bila woga.

Mimi ni ushahidi. Sijawahi kuigusa 2600 ya kweli. Nilifuata mazoezi ya kitabu hicho kwenye VCV Rack, programu ya bure iliyotoka 2017, nikitafuta sehemu zinazofanana na kuzikokotea waya kwa puku. Karibu kila zoezi lilikubali. Kitabu cha mashine kilichoandikwa miaka 46 kabla ya programu, na bado kinafundisha programu hiyo! Sababu ni kwamba Michmerhuizen hakuandika kuhusu mahali swichi ilipo. Aliandika kuhusu wazo lililo nyuma ya swichi, na wazo halichakai upesi.

Kuna mambo mawili zaidi kuhusu 2600 yanayofaa kukumbukwa. La kwanza ni mashine ya Stevie Wonder, ambayo paneli yake iliwekewa maandishi ya breli. Hayo nayo ni maelekezo, tena ya hali ya juu: mtu alijiuliza msomaji wake ni nani na anasoma kwa nini, kwa macho au kwa vidole.

La pili ni kinyume chake. Wakati kitabu kilikuwa wazi kwa mpigaji, baadhi ya saketi za ndani zilizibwa kwa gundi ngumu ya epoksi ili washindani wasizinakili. Ndani ya gundi hiyo, katika mashine za mwanzo, palikuwa na filta iliyofanana sana na ile ya Moog ambayo ilikuwa na hataza ya mwaka 1969. Baadaye ARP waliiondoa wakaweka ya kwao. Kampuni ilifungwa 1981, lakini gundi ilibaki. Fundi wa leo kikimfia kipande kimoja kidogo hawezi kukibadilisha. Inabidi aking'oe kibonge kizima na kutafuta kilichotengenezwa upya na watu waliokaa wakachunguza kilichomo. Kwa mpigaji 2600 ni darasa, kwa fundi ni jiwe. Alama ya A ni ya Michmerhuizen, siyo ya mwenye gundi.

Buchla Music Easel (California, 1973): B+

Don Buchla hakupenda sana wazo kwamba sinthesaiza lazima iwe kinanda. Music Easel yake ni sanduku la rangi nyingi lenye sahani ya kugusa badala ya vibonyezo vya kawaida. Kitabu chake cha 1974, kilichoandikwa na mtunzi na mwalimu Allen Strange, kinaitwa Programming and Metaprogramming in the Electro-Organism. Soma jina hilo tena. Huyu mtu anakiita kifaa kiumbe, na kazi ya kukiendesha anaiita kuandika programu, mwaka 1974!

Easel ilikuwa na njia yake ya kukumbuka: kadi ndogo ya saketi ambayo mwenyewe unaiunganishia rezista kwa risasi ya moto, kila rezista ikichukua nafasi ya nobu moja. Ukichomeka kadi, sauti inarudi. Kuhifadhi faili kwa kuchomelea! Kitabu ni kitamu kwa aliyekwisha kuingia ndani, lakini anayebisha hodi kwa mara ya kwanza atasimama mlangoni muda mrefu. Ndiyo sababu ya B+.

Korg MS-20 (Japani, 1978): A-

MS-20, iliyobuniwa na Fumio Mieda, ilichapisha kitabu chake juu ya uso wake. Upande wa kulia kuna matundu ya waya, na kati yake wamechora mistari na maumbo yanayoonyesha ishara inatoka wapi na inapita wapi. Huhitaji kufungua ukurasa ujue ukichomeka hapa unakatiza nini. Korg walitengeneza hata MS-20 kubwa kama ubao wa darasani, ili mwalimu akizungusha nobu hata aliyekaa nyuma aone. Ilipotolewa upya kwa umbo dogo mwaka 2013, ile michoro ilirudi nayo.

Hapa kuna funzo kwa wanaobuni kurasa na programu: maelekezo bora ni yale yanayokaa mahali swali linapozaliwa.

Prophet-5 (California, 1978): B+

Halafu kumbukumbu ikafika. Dave Smith wa Sequential Circuits alichukua maikroprosesa ya Z80, ile ile iliyokuwa moyo wa tarakilishi nyingi za nyumbani za miaka hiyo, akaipa kazi ya kusoma nobu zote na kuhifadhi zilipo. Prophet-5 za kwanza zilikumbuka sauti 40. Bonyeza kitufe, sauti ya jana imerudi. Karatasi za vielelezo zikaanza kukosa kazi.

Vitabu vya Sequential, vingi vikiwa vya Stanley Jungleib, ni vizuri na vinaeleza. Na sauti za kiwandani ni mwalimu wa aina yake, maana unaweza kuifungua moja na kuzungusha nobu uone imejengwaje. Lakini kitu kimebadilika. Kabla ya hapo mtu alilazimika kuelewa kidogo ndipo apate sauti. Sasa angeweza kupata sauti bila kuelewa chochote. Mwaka 1983 Yamaha walileta DX7, ya kidijitali na karibu haina nobu, na wengi walioinunua walibaki na sauti za kiwandani. Ukitaka kuona matokeo yake, nenda kanisa lolote lenye kinanda cha umeme. Kina sauti mamia, na sauti tatu ndizo zinazopigwa kila Jumapili, kwa sababu aliyekileta hakukileta na kitabu.

Roland TB-303 (Japani, 1981): D+

Hii ndiyo kesi inayoletwa kila mara mtu akitaka kukwepa kuandika maelekezo, kwa hiyo tuiangalie polepole.

TB-303, kazi ya mhandisi Tadao Kikumoto, ilikusudiwa kumsaidia mpiga gitaa asiye na mpiga besi. Unaiandikia mstari wa besi, inakupigia huku ukifanya mazoezi. Taabu iko kwenye kuandika. Noti unaziingiza katika hali moja, muda wake katika hali nyingine. Watunzi wa programu wataelewa nikisema ni orodha mbili. Orodha ya kwanza ina noti tu: C, E, G. Orodha ya pili ina hatua: piga, nyamaza, piga, endeleza, piga. Mashine inapofika kwenye kimya haichukui noti. Inachukua noti inayofuata pale tu inapokuta piga. Ukilijua hilo kila kitu kinaeleweka. Usipolijua, unaingiza wimbo mmoja na kusikia mwingine, na hujui kosa liko orodha gani. Mwongozo wake una sifa mbaya miongoni mwa waliopambana nao, nami baada ya kuusoma naona kwa nini: vitufe vinatajwa kwa mpangilio, lakini lile wazo la orodha mbili, ambalo lingetosha sentensi tatu, msomaji anaachiwa alikisie.

Tena haikulia kama gitaa la besi. Wapiga gitaa waliiacha, na Roland wakasimamisha utengenezaji mwaka 1984 baada ya mashine kama 10,000. Zikaanza kuuzwa mtumba kwa bei ya kutupa. Moja ilifika Chicago mikononi mwa vijana watatu, DJ Pierre, Spanky na Herb J, waliojiita Phuture. Kwa maelezo ya DJ Pierre mwenyewe, hawakujua kuipanga. Wakaiacha icheze ilichocheza, naye akaanza kuzungusha nobu za filta. Ile sauti ya kulia na kujipinda ndiyo Acid Tracks ya 1987, na kutoka hapo ukazaliwa muziki wa acid house.

Basi watu husema: mnaona? Mwongozo mbaya umetupa muziki mpya. Maelekezo ni ya nini?

Mimi sikubali, kwa sababu tatu. Kwanza, walichokitumia Phuture ni kile kisichohitaji kitabu. Nobu ziko juu, ukizungusha unasikia papo hapo. Sehemu iliyohitaji kitabu, yaani kuandika noti, ndiyo iliyowashinda. Pili, waliipata kwa bei rahisi kwa sababu waliokusudiwa walikata tamaa. Hasara ya wapiga gitaa hao ndiyo iliyolipia ugunduzi huo, na hakuna kampuni inayopanga bajeti hivyo.

Tatu ni Charanjit Singh. Huyu alikuwa mpiga ala katika studio za filamu za Mumbai. Mwaka 1982, miaka mitano kabla ya Acid Tracks, alirekodi albamu iliyoitwa Synthesizing: Ten Ragas to a Disco Beat, kwa kutumia TB-303, mashine ya ngoma ya TR-808 na sinthesaiza ya Jupiter-8. Raga zina sheria: noti zipi zinapanda, zipi zinashuka, wapi sauti iteleze kutoka noti hadi noti. Huwezi kuzipiga kwa kubahatisha. Mtu huyu aliimudu ile mashine ya orodha mbili, akatumia uwezo wake wa kutelezesha noti kwa kazi inayohitaji mtelezo hasa. Albamu haikuvuma, dunia iliishtukia baada ya kutolewa upya 2010. Lakini inatuonyesha kwamba ndani ya 303 kulikuwa na nyumba nzima, si dirisha moja tu. Wangapi wengine wangeingia kama mlango ungeandikwa vizuri?

Ukurasa wa mwisho

Mwaka 1983 jambo lingine likatokea. Kwa juhudi za Dave Smith na Ikutaro Kakehashi wa Roland, kampuni zilizokuwa zikishindana zilikubaliana lugha moja ya kuunganisha vinanda, MIDI. Januari mwaka huo, kwenye maonyesho ya NAMM, Prophet-600 ya Sequential na Jupiter-6 ya Roland ziliunganishwa mbele ya watu zikazungumza. Hawakudai malipo kwa anayetaka kuitumia.

Kinachonifurahisha mimi ni jedwali. Karibu kila kifaa cha MIDI kilikuja na ukurasa, mara nyingi wa mwisho kitabuni, wenye umbo lile lile: kazi upande mmoja, na alama ya duara ikimaanisha ndiyo, ya msalaba ikimaanisha hapana. Unaweka jedwali la kifaa hiki kando ya lile la kifaa kile, na kabla hujanunua waya unajua kama wataelewana. Hiyo ni hati ya API, iliyochapishwa kwenye karatasi, miaka mingi kabla yetu.

Tunabaki na nini?

Niliwahi kurithi mfumo wa malipo katika ofisi moja nitakayoiacha bila jina. Aliyeuandika alikuwa ameondoka. Hakuna faili ya maelezo, hakuna mchoro, na seva ilikuwa na jina la mbwa wake. Kwa wiki tatu nilikuwa mpiga gitaa mwenye TB-303: nabonyeza, kitu kinatokea, sijui kwa nini. Hakuna acid house iliyozaliwa. Kilichozaliwa ni wateja waliokatwa hela mara mbili wakasubiri marejesho, na kwa mama anayeuza mboga hela hiyo ni mtaji wa kesho.

Tangu hapo, ninapoandika maelezo ya programu, naweka mbele yangu mambo manne niliyoyaokota kwenye mashine hizi:

1. Eleza wazo kwanza, kitufe baadaye (ARP).
2. Weka sampuli zinazofanya kazi, ili mtu aanze kwa kusikia (Minimoog).
3. Andika maelekezo mahali swali linapozaliwa (Korg).
4. Sema wazi unachokubali na usichokikubali (jedwali la MIDI).

Robert Moog alifariki 2005, Don Buchla 2016, Kakehashi 2017, Pearlman 2019, Zinovieff 2021, Dave Smith 2022. Wametangulia wote. Kampuni ya EMS ilianguka mwishoni mwa miaka ya 1970, ARP 1981, Sequential ya kwanza 1987. Wamiliki wengi wa kwanza wa mashine zao hawapo tena kuulizwa. Na bado kijana wa Kisii au Kilifi mwenye tarakilishi ya kawaida anaweza leo kupakua VCV Rack, akafungua nakala ya kitabu cha Michmerhuizen pembeni, na kabla ya saa sita usiku akawa ametengeneza sauti ambayo haikuwepo asubuhi, akijua kwa nini inalia hivyo.

Anza na osileta moja na filta moja. Usiongeze waya wa tatu mpaka uweze kueleza kazi ya miwili ya kwanza.